Takataka haipotei, inahama (hotuba yote kwa ambao hamkufika)

Wengi mmeniomba rekodi ila sauti imetoka mbaya, feni ilikuwa inanguruma juu ya kichwa changu muda wote. Nimeiandika kama nilivyosema, picha za ukutani nimeziruka.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Na nyie wadogo mliokaa chini pale mbele, asanteni kwa kutulia, najua ni kazi.

Kabla sijasema lolote naomba muangalie huu mfuko hapa mezani. Ni takataka za nyumbani kwangu za siku mbili, na leo asubuhi nimevaa glavu nikaumwaga wote kwenye turubai nikaanza kupima kimoja kimoja. Jumla kilo 4 na nusu. Maganda na mabaki ya chakula peke yake kilo 2.6. Pampasi za mtoto gramu 600. Karatasi na maboksi nusu kilo, nyingine zimelowa mafuta. Plastiki nyepesi, yaani mifuko na vifungashio, gramu 400. Halafu gramu 400 za mwisho ni kopo, chupa ndogo iliyovunjika, wembe, na betri mbili za rimoti. Basi, huo ndo mfuko wangu, na wako haupishani sana na huu.

Sasa wiki iliyopita kijana mmoja, na yuko humu ndani, aliniuliza, "kwa nini tusichome tu tupate umeme, si wenzetu wanafanya hivyo miaka yote?" Swali zuri sana na ndo limenileta hapa. Maana wengi wetu tunaamini moto unamaliza kitu. Unawasha, kinawaka, kinaisha, umesafisha. Ndugu zangu, hizi kilo 4 na nusu nikizichoma leo zote zitakuwepo kesho. Nyingine zitakuwa hewani, nyingine kwenye majivu, nyingine zimenasa kwenye filta au kwenye maji yaliyoosha moshi, lakini zitakuwepo. Kwa hiyo leo nina swali moja tu na nitalirudia mpaka mchoke: imekwenda wapi?

Na si jambo dogo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia ilitoa ripoti ya taka za dunia nzima, wakakadiria kwamba mwaka 2016 peke yake binadamu tulizalisha tani bilioni 2.01 za taka za majumbani na mijini, na tukienda hivi hivi itafika bilioni 3.4 mwaka 2050. Humo ndani asilimia 44 ni vitu vinavyooza, mabaki ya chakula na majani, na kwenye nchi zenye kipato cha chini inapita nusu. Shikeni hapo kwenye vinavyooza, maana ndo mwanzo wa kila kitu.

Nani hapa amewahi kuwasha kuni mbichi? Mikono juu. Eeh, karibu wote. Inakuwaje? Inalia, inatoa povu pembeni, moshi unakutoa machozi, na chungu hakichemki. Kwa nini? Kwa sababu moto kwanza unachemsha maji yaliyomo ndani ya kuni, hayo maji yakiisha ndo ukumbukwe wewe na chungu chako. Sasa maganda yangu haya ya kilo 2.6, sehemu kubwa sana ni maji. Ukichukua tani ya taka ambayo asilimia 60 ni maji, umeingiza lita 600 za maji kwenye tanuru, na lazima zichemke zote ziwe mvuke kabla hujapata faida yoyote. Ndo maana mahali taka zinapokuja zimelowa sana inabidi wachanganye na dizeli au makaa ya mawe ili moto ushike! Yaani unachoma mafuta ili uchome takataka ili upate nishati. Na hata zikiwa kavu, mtambo unaotoa umeme peke yake unageuza kama robo tu ya lile joto kuwa umeme.

Lakini tusidanganyane, kuziacha dampo nako si salama. Maganda yakifukiwa chini ya taka nyingine hewa haifiki, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wasiohitaji hewa, wanayala taratibu na wanatoa gesi ya methani. Kwa kipindi cha miaka 20 methani inapasha joto dunia kama mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Dampo linawaka lenyewe, maji meusi yanachuruzika mpaka kwenye visima, na wakati mwingine mlima wenyewe unaanguka. Tarehe 11 Machi 2017 dampo la Koshe pale Addis Ababa liliporomoka likafunika nyumba za watu waliokuwa wanaishi pembeni na waokotaji waliokuwa wanatafuta riziki, zaidi ya watu 110 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka uliofuata, Agosti 2018, pembeni ya dampo hilohilo ukazinduliwa mtambo wa Reppie wa kuchoma taka na kuzalisha umeme, ulijengwa uweze kula tani 1,400 kwa siku. Nani atawalaumu? Ukiishi na mlima kama ule unatafuta kitu chochote cha kuupunguza, na kweli kuchoma kunapunguza, ujazo unashuka kama asilimia 90. Hilo la kupunguza ujazo silipingi hata kidogo.

Ninachosema ni kwamba baada ya ujazo kushuka tuulize. Imekwenda wapi?

Tuanze na hewani. Takataka si kuni. Ndani ya mfuko wangu kuna plastiki, na kwenye plastiki za watu wengine kuna PVC, ile ya mabomba, nyaya na ngozi bandia, ina klorini. Ukichoma klorini pamoja na mabaki mengine kwa moto hafifu zinatengenezwa sumu zinazoitwa dioksini. Dioksini huioni wala huinusi. Inatua kwenye majani na udongo, kuku anadonoa, ng'ombe anakula, inajificha kwenye mafuta ya mwili wake, halafu wewe unakula yai na unakunywa maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini iliyomo mwilini mwa watu imeingia kwa njia ya chakula, na ikishaingia inakaa, inachukua miaka 7 mpaka 11 kupungua nusu tu. Ile mbaya kuliko zote imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1997.

Na hapa wazee wangu mnisamehe nitasema wazi. Ule moto wa nyuma ya nyumba, wa jioni, wa majani makavu na mifuko na chupa za plastiki, ndo mbaya kupita zote. Hauna filta, hauna bomba refu, una moshi wa chini chini unaoingia dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Kwenye mtambo mzuri sheria za Ulaya zinataka ule moshi ukae angalau sekunde 2 kwenye joto la digrii 850 au zaidi, halafu upoozwe haraka haraka, kwa sababu ukiuacha upoe taratibu, kwenye digrii 200 hadi 450 hivi, dioksini zinajitengeneza upya, ndo upite kwenye chokaa, kwenye unga wa kaboni, kwenye mifuko ya filta. Sasa moto wako wa nyuma ya nyumba una nini katika hivyo? Hauna hata kimoja.

Je, inawezekana kuchoma kwa usafi? Inawezekana. Japani walikuwa na hali mbaya mpaka wananchi wakapiga kelele, wakatunga sheria ya dioksini mwaka 1999, wakafunga matanuru mabovu na kukarabati mengine, na dioksini ikashuka kwa zaidi ya asilimia 95. Ila walilipia, na waliendelea kupima. Mtambo ambao haupimwi usiniambie ni msafi, hujui, na mimi sijui.

Nawapa na kisa cha Lausanne kule Uswisi. Nchi tajiri, ina utaratibu. Walikuwa na tanuru la taka lililofanya kazi kuanzia 1958 mpaka 2005, likafungwa, watu wakasahau, watoto wakazaliwa wakakua wakicheza kwenye yale majani. Mwaka 2021 udongo ukapimwa kwa ajili ya bustani ya wakazi, wakakuta dioksini, wakaendelea kupima wakakuta imesambaa sehemu kubwa ya mji. Watu wakaambiwa msile mayai ya kuku mnaowafuga hapa. Hebu fikirini, miaka 16 baada ya moto kuzimwa, bado unaambiwa yai la kuku wako usile. Ule moshi wa miaka ya sitini ulikwenda wapi? Haukwenda popote, ulishuka chini.

Haya, majivu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawapendi kuyazungumzia, kila mtu akisifia mtambo anaonyesha bomba safi na taa zinazowaka, majivu hayapigwi picha. Ukichoma tani ya taka unabaki na kilo 200 mpaka 250 za majivu ya chini, na juu yake kilo kadhaa za majivu mepesi yanayonaswa kwenye filta. Zile betri zangu mbili, ule wembe, lile kopo, rangi zilizoko kwenye maboksi, madini yake hayaungui, risasi, ile metali ya sumu, haiungui, na mwenzake kadmiamu haiungui. Na kadiri filta inavyokuwa nzuri ndivyo majivu yake yanavyokuwa na sumu zaidi. Umeona hiyo? Tumeizuia isiende hewani, sawa kabisa, tunashukuru, lakini sasa iko kwenye gunia na gunia linataka mahali pa kukaa miaka yote.

Mwaka 1986 meli inaitwa Khian Sea iliondoka Philadelphia, Marekani, imebeba kama tani 14,000 za majivu ya tanuru la taka za mji. Walitaka kuyamwaga Bahamas, Bahamas wakakataa. Wakazunguka nchi moja baada ya nyingine, wanakataliwa. Mwanzoni mwa 1988 wakafika Haiti na karatasi zinazosema huo mzigo ni mbolea. Mbolea, ndugu zangu! Wakaanza kuushusha ufukweni pale Gonaïves, na serikali ya Haiti ilipostuka ikaamuru urudishwe, meli ikaondoka usiku ikaacha kama tani 4,000 pale pale mchangani. Ikabadilisha jina, ikabadilisha tena, na mwishoni mwa 1988 ikaonekana upande wa Singapore ikiwa tupu kabisa. Majivu yalikwenda wapi? Yalimwagwa baharini, Atlantiki na Bahari ya Hindi, na wakubwa wawili wa kampuni walikuja kutiwa hatiani kwa kudanganya chini ya kiapo juu ya jambo hilo. Visa kama hiki ndo vilisukuma dunia ikakubaliana Mkataba wa Basel mwaka 1989 kuhusu kusafirisha taka za sumu. Na yale yaliyobaki ufukweni Haiti? Yalikaa zaidi ya miaka 10 yakipigwa upepo, yakaja kuondolewa, na mwaka 2002 yakazikwa Pennsylvania, jimbo lilelile yalikotoka. Miaka 16 njiani!

Kwa hiyo mtu akija hapa na mpango wake mzuri wa mtambo, megawati kadhaa, ajira, mumsikilize kwa heshima, halafu mtu mmoja asimame aulize, majivu mtayaweka wapi, nani atayapima, na hela ya kuyatunza miaka 30 ijayo iko wapi. Akikosa jibu la hayo hajamaliza kupanga.

Jambo la tatu nitalisema haraka. Tanuru lina njaa. Ukishalijenga unadaiwa mkopo wa miaka 20 au 30 na lazima lile kila siku. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wana mtambo unaitwa Amager Bakke, mzuri kweli, juu ya paa wamejenga mteremko watu wanateleza kwa skii, joto linalobaki linapelekwa kwa mabomba kupasha nyumba. Huo ndo mfano bora tulionao duniani. Lakini Denmark walikuwa wamejenga matanuru mengi kuliko taka zao wakawa wanaagiza taka kutoka nchi nyingine ili yashibe, mpaka mwaka 2020 wanasiasa wao wakakubaliana wapunguze uwezo wa kuchoma kwa asilimia 30. Na mji wenyewe uliahidi ufike 2025 hauongezi hewa ukaa hata kidogo, ikabidi mwaka 2022 wakubali kwamba haiwezekani, sababu kubwa ni mtambo huohuo, walitegemea kuufungia mashine ya kunasa hewa ukaa na fedha zikakwama. Kwa nini hewa ukaa iwe shida na ni takataka tu? Kwa sababu plastiki ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa. Kilo 1 ya mfuko wa plastiki ikiungua yote inatoa kama kilo 3 za hewa ukaa, maana kaboni yake inaungana na oksijeni ya hewani na uzito unaongezeka. Hata hawa wanaoipika plastiki bila hewa wapate dizeli, nawaheshimu kwa ubunifu, lakini ile dizeli ukiichoma ni petroli ileile imezunguka njia ndefu, na PVC ikiingia kwenye pipa inatoa asidi inayotoboa bomba na kuharibu mapafu ya anayesimamia.

Na yule mwokotaji? Akichukua chupa zote na maboksi yote tanuru linabaki na maganda mabichi, haliwaki. Kwa hiyo tanuru na mwokotaji wanagombania kitu kimoja. Mimi niko upande wa mwokotaji. Chupa aliyoiokota ikirudi kuwa chupa inaokoa nishati nyingi kuliko umeme ambao ungepatikana kwa kuichoma.

Sasa mtasema huyu amekuja kukataza kila kitu. Hapana. Rudini kwenye mfuko wangu. Kilo 2.6 za maganda, zile zinazosumbua moto, ndo hizo hizo zinapendwa na bayogesi. Bayogesi haijali maji, inayataka. Unafunga mabaki kwenye tanki lisiloingiza hewa, wale wadudu wa dampo wanafanya kazi ileile, ila safari hii methani unaidaka badala ya kuiachia. Kilo moja ya mabaki ya chakula inatoa kama lita 100 za gesi, kwa hiyo maganda yangu ya siku mbili yananipa kama lita 250, na jiko dogo likiwa linakunywa lita 300 kwa saa ni karibu dakika 50 za moto wa bluu usio na moshi. Na yale maji mazito yanayotoka upande wa pili unarudisha shambani, kwa hiyo nikijiuliza imekwenda wapi naweza kukuonyesha kwa kidole, hii sufuria na hii miche.

Lakini swali ni lilelile na kwangu mwenyewe lilinikamata. Tanki langu la kwanza fundi aliunga bomba akaondoka, gesi ikawa ndogo, nikafikiri wadudu wamekufa, nikawa naongeza maganda, naongeza maganda. Miezi miwili. Siku moja mke wangu akasema kuna harufu ya yai bovu karibu na ukuta. Nikachukua sabuni ya maji, nikaikoroga, nikapaka na brashi kwenye viungio, na pale kwenye kona, chini ya ile klipu ya chuma, povu likaanza kupanda. Dogo dogo, kama mate ya mtoto anayeota meno. Linapanda, linapasuka, linapanda. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Miezi miwili nilikuwa najisifu naokoa mazingira huku natengeneza methani kwa makusudi na kuiachia, yaani nimejijengea dampo dogo uani. Afadhali maganda yale ningeyafanya mboji tu, yangeoza kwa hewa na methani ingekuwa kidogo sana. Tangu siku hiyo kila Jumamosi napaka sabuni. Na ile harufu ya yai bovu msiichezee, ni gesi ya sumu, ikiwa nyingi pua inakufa ganzi huinusi tena, kwa hiyo mtu asiingie kwenye tanki kamwe hata kama kimeanguka kitu cha thamani.

Mtu anauliza na mkaa wa takataka je? Ule wa maganda makavu, mabua na vumbi la mkaa, mzuri, unapunguza kukata miti. Ila ukichanganya plastiki ndani ili uwake haraka umerudisha dioksini jikoni kabisa, juu ya chakula. Na hata ule mzuri usiuwashe chumba kilichofungwa.

Pampasi, sina jibu zuri, nasema ukweli. Betri, zisiingie kwenye mfuko hata siku moja, wekeni kwenye chupa, mimi ninayo hii hapa imejaa nusu, tutazikusanya pamoja. Na ndoo mbili. Sijaja na kitu kingine kikubwa kuliko ndoo mbili, moja ya vinavyooza na moja ya vikavu, maana vikishachanganyika jikoni hakuna mtambo duniani, wa bei yoyote, unaovitenganisha vizuri kama mkono wako pale pale ulipovishika mara ya kwanza.

Nimeongea sana. Tanki dogo la mfano liko nje chini ya mti, na nimekuja na sabuni na brashi. Nimelegeza kiungio kimoja kwa makusudi na sisemi ni kipi, kwa hiyo hakuna kuwasha kiberiti pale mpaka tumekikaza. Nyie wadogo wa mbele tangulieni, anayeona povu wa kwanza apige kelele.